Ngamia Wao Walikunywa Nini?

Ilikuwa kipindi cha mwisho alasiri, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne hapa Modogashe walikuwa wamechoka kwa joto. Tulikuwa tumefika kwenye mada ya mighani na mashujaa, nami nilikuwa nikiwasimulia kifo cha Fumo Liyongo kama kilivyo katika utendi wake. Nikafika pale ambapo shujaa, akiwa amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, anaamka, anachukua upinde na mishale, anajikokota hadi karibu na kisima, anapiga goti na kuuelekeza mshale mbele. Anafia papo hapo, goti chini, upinde mkononi. Wenyeji hawajui kwamba amekufa. Wanamwona kwa mbali tu, na hakuna anayethubutu kusogea kuteka maji.

Darasa likanyamaza. Kisha msichana aliyekaa karibu na dirisha akauliza, hata bila kuinua mkono: "Mwalimu, na ngamia wao walikunywa nini?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na nimesahihisha maelfu ya karatasi za fasihi, lakini ni mara chache sana nimekutana na swali linaloonyesha kwamba msomaji ameguswa na mtindo wa mtunzi kama swali lile. Ni kweli, mji wa utendi ule ni wa pwani, na watu wake walikuwa wa mashua zaidi ya mifugo. Hata hivyo msichana yule alikuwa amefika mahali ambapo mtunzi alitaka tufike: hakuwa akimtazama tena aliyechomwa, alikuwa miongoni mwa wenye kiu.

Miezi michache baadaye nilisahihisha jibu lake katika mtihani wa majaribio. Swali lilihusu mtindo. Aliandika: "Mtunzi ametumia taharuki. Mtunzi ametumia chuku. Mtunzi ametumia kinaya." Kila mbinu ilifuatwa na mfano wa mstari mmoja. Kuhusu kiu, hakuandika chochote. Swali lile bora lilibaki dirishani. Nakiri kwamba kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuorodhesha. Makala hii naiandika ili wewe usirudie kosa letu.

Utendi wa giza

Wanafunzi wengi huniambia kwamba fasihi ya Kiswahili ni ya mawaidha tu, na kwamba anayetaka vita, usaliti na vifo vya kutisha hana budi kutafuta filamu na riwaya za kigeni. Anayesema hivyo hajausoma utendi huu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutunga na kuuandika mwaka wa 1913, kutokana na masimulizi yaliyokuwa yakisikika pwani kwa karne nyingi. Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na fundi wa kuchonga nakshi kwenye mbao. Ukumbuke ufundi huo wa mbao, maana anayechonga nakshi hupamba kwa kile anachokiondoa.

Hadithi yenyewe ni ya giza tangu mwanzo. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo, mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida, na anatafuta njia ya kumuua. Kwanza anawatuma Wasanye na Wadahalo wajifanye rafiki zake porini. Wanapanga kula makoma kwa zamu, kila mmoja akwee mti siku yake, ili zamu ya Liyongo ikifika wamlenge akiwa juu. Liyongo anasimama chini na kuyaangusha makoma kwa mishale. Baadaye anatiwa gerezani. Mama yake anamtuma mjakazi Saada na mikate. Walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, ambao ndani yake mna tupa. Ngoma ya gungu inachezwa nje, na kelele zake zinafunika sauti ya chuma kikikatwa. Shujaa anatoroka.

Kinachofuata ni kibaya zaidi. Mfalme anamtumia mtoto. Anamwahidi makubwa kijana huyo, naye anakwenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba anamshuku. Anajua swali lile halikutoka kwa mwanawe peke yake. Hata hivyo anamjibu.

Hapo ndipo penye giza la utendi huu. Si damu. Ni baba kujibu.

Kinachoonyeshwa na kinachofichwa

Hoja yangu katika makala hii ni moja, na ningependa uingie nayo katika chumba cha mtihani: mtindo wa mtunzi wa mambo ya kikatili haupimwi kwa wingi wa damu aliyoimwaga kwenye ukurasa. Hupimwa kwa mahali anapomsimamisha msomaji wakati damu inamwagika.

Tazama anachofanya Kijumwa. Tendo la kuchoma sindano analipitia upesi. Hatuonyeshwi jeraha kwa kirefu, wala hatuelezwi maumivu. Umbo la utendi lenyewe linamsaidia. Ubeti una mishororo minne mifupi, kila mmoja wa mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utendi uishe. Katika nafasi finyu namna hiyo huwezi kukaa juu ya kidonda. Mshororo unakwisha, kina kinagonga, na masimulizi yanasonga mbele. Ukatili unapita kama mtu aliyepita mlangoni usiku: umemwona, lakini hukupata nafasi ya kumkagua.

Lakini kisimani mtunzi anapunguza mwendo. Siku zinapita. Watu wana kiu. Wanamwendea mama yake Liyongo wamwombe amtulize mwanawe, kwa kuwa wanadhani amekasirika. Mama anakwenda na kumbembeleza kwa maneno matamu, tena na tena, naye hajibu. Mama anambembeleza maiti bila kujua. Sisi tunajua. Hiki ndicho kinaya unachoambiwa ukitambue, lakini usiishie kukitaja jina. Jiulize kinakufanyia nini wewe unayesoma. Kinakufanya utamani kumwita mama yule arudi, na huwezi.

Hatimaye mwili unaanguka, na watu wanatambua kwamba waliteswa na kiu kwa kumwogopa maiti. Mtoto msaliti naye hapati alichoahidiwa. Anakataliwa, anaugua na kufa. Mtunzi hasemi mengi hapo pia. Fundi wa nakshi ameondoa mbao, na umbo limebaki.

Njia nyingine, mwaka uo huo

Huenda ukaniuliza kama njia hii ya kuficha ndiyo pekee iliyo nzuri. La. Nikupe mfano ambao baadhi yenu mmeusikia kwa babu zenu kabla ya kuusikia kwangu.

Mnamo Agosti 1913, mwaka uleule ambao Kijumwa aliandika utendi wake kule Lamu, afisa Mwingereza Richard Corfield aliuawa katika vita vya Dul Madoba, Usomalini. Sayyid Mohammed Abdullah Hassan akatunga gabay kuhusu kifo hicho. Humo anamsemesha Corfield aliyekufa na kumtuma akasimulie huko aendako jinsi alivyouawa. Sayyid hafichi kitu. Anautaja mwili, anawataja wanyama walioula, anaeleza hofu ya dakika za mwisho. Ukatili umewekwa mbele, tena kwa fahari.

Nauliza tena swali langu: msomaji amesimamishwa wapi? Kijumwa anatuweka pamoja na wenye kiu na mama anayebembeleza. Sayyid anatuweka mbele ya adui aliyeshindwa na kutulazimisha tumsikilize mshindi. Mmoja anaomboleza, mwingine anashambulia. Shabaha zao ni tofauti, kwa hiyo mitindo yao ni tofauti, na kila mmoja amefaulu katika lake. Mwanafunzi anayesema tu kwamba "watunzi wote wawili wanazungumzia vita" hajasema lolote.

Chukua mfano mwingine wa mbali. Baadhi yenu mnafuata hadithi za George R. R. Martin, Mmarekani ambaye riwaya ya kwanza ya mfululizo wake maarufu ilichapishwa mwaka wa 1996. Mnasifu ujasiri wake wa kuwaua wahusika wakuu. Katika riwaya hiyo, mhusika tuliyedhani ndiye nguzo ya hadithi anakatwa kichwa mbele ya umati. Lakini soma kitabu chenyewe, usitegemee filamu. Tukio lile tunalipata kupitia kwa binti yake mdogo aliye ndani ya umati, na mtu mzima mmoja anamshika na kumzuia asitazame. Upanga unashuka nasi hatuuoni. Mwandishi anayesifiwa kote duniani kwa ukatili wa hadithi zake, alipofika kwenye pigo kubwa kuliko yote, aligeuza uso wetu. Alifanya jambo ambalo mafundi wa tendi zetu walikuwa wakilifanya zamani.

Hata katika Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei ambayo ndugu zako wakubwa waliitahiniwa, tunampata Ridhaa wakati moto umeshafanya kazi yake na familia imeshateketea. Tunaanza na majivu na kumbukumbu, kisha mbinu rejeshi inaturudisha nyuma. Na katika tamthilia ya Kifo Kisimani, Kithaka wa Mberia aliichukua mighani hii hii ya Liyongo na kuifanya hadithi ya Mwelusi, mpinzani wa mtawala dhalimu wa Butangi. Msaliti safari hii ni ndugu yake, lakini kisima kimebaki. Mtunzi wa kisasa alijua asichoweza kukiondoa.

Je, inafaa tusome haya hapa?

Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja kwa nini tunawasomesha watoto hadithi za kuuana katika eneo ambalo limeshaona mauaji ya kutosha. Lilikuwa swali la haki. Sisi wa Garissa hatuwezi kulijibu kwa wepesi. Tunakumbuka tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika chuo kikuu cha Garissa. Tunakumbuka pia jinsi picha zilivyosambaa kwenye simu. Picha zile zilionyesha kila kitu, na baada ya siku chache jicho likaanza kuzoea. Hilo ndilo linaloniogopesha, jicho kuzoea.

Nilimjibu mzazi yule kwamba fasihi nzuri hufanya kinyume cha picha zile. Humzuia mtu asizoee. Kuuthamini mtindo wa mtunzi anayeandika mambo ya kutisha si kuyapenda hayo mambo. Ni kutambua jinsi alivyotufanya tuhisi uzito wa kifo kimoja badala ya kuvihesabu vifo kumi. Liyongo anachomwa mara moja tu, kwa sindano tu, na mpaka leo pwani inamlilia.

Kuna sababu nyingine ya kuusoma utendi huu hapa, nayo ni ninyi. Mwanafunzi wa mjini aliyezoea kufungua mfereji jikoni atalazimika kuambiwa maana ya mji mzima kushindwa kufika kisimani. Wewe huhitaji kuambiwa. Umeamka alfajiri ukapanga foleni na mitungi. Umeona laga zikikauka na mifugo ikitembezwa siku nzima kutafuta maji. Unajua kwamba ugomvi mwingi wa eneo hili umeanzia malishoni na visimani. Mji wetu wenyewe umelipa jina lake Azimio la Modogashe la mwaka wa 2001, ambapo viongozi na wazee wa jamii za wafugaji walikubaliana kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo, silaha na fidia ya waliouawa. Wazee wale walijua jambo ambalo Kijumwa alilijua: kwamba kisima kinapolindwa kwa silaha, hata silaha iliyo mikononi mwa maiti, mji mzima huanza kufa.

Na kama ungependa kujua hadithi hii iko mbali nasi kiasi gani, fuata maji. Liyongo anasemekana kuzikwa Ozi, karibu na Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Maji yanayopita chini ya daraja la Garissa ndiyo yanayofika huko.

Kuandika jibu

Sasa turudi kwenye karatasi ya 102/3. Mtahini hakutafuti makosa. Anatafuta ushahidi kwamba umesoma na umeelewa. Linganisha majibu haya mawili ya swali linalokutaka ueleze jinsi mtunzi alivyotumia taharuki katika kifo cha shujaa.

La kwanza: "Mtunzi ametumia taharuki. Kwa mfano, watu waliogopa kwenda kisimani kwa sababu Liyongo alikuwa na upinde."

La pili: "Mtunzi anajenga taharuki kwa kutujulisha kifo ambacho wenyeji hawakijui. Kila siku inayopita kiu yao inazidi, na kila mara mama anapombembeleza mwanawe tunangoja jibu ambalo tunajua halitakuja. Kwa njia hii hofu inahama kutoka kwa shujaa mmoja hadi kwa jamii nzima, na tunaona kwamba usaliti wa mtu mmoja umeuadhibu mji wote."

Jibu la pili halina msamiati mgumu. Limeongeza mambo mawili tu: mbinu inavyofanya kazi, na inavyohusiana na maudhui. Limetaja tukio mahsusi, na halikurudia hadithi yote. Ukiwa na dakika chache, afadhali uziandike hoja zako kwa namna hii kuliko kutaja mbinu kumi zilizo uchi. Zingatia pia idadi ya hoja kulingana na alama zilizotolewa. Sikuambii upuuze hilo. Nakuambia kwamba hoja yenye mwili ni rahisi kutuzwa kuliko hoja yenye jina tu.

Kabla ya kuandika juu ya tukio lolote la kikatili katika kitabu chochote kitakachotahiniwa mwaka wako, jiulize maswali matatu. Mtunzi amenisimamisha wapi: kwa mwuaji, kwa anayeuawa, au kwa wanaobaki? Ni kitu gani amekionyesha, na kipi amekificha? Na angefanya kinyume, ningepoteza nini? La tatu ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalotenganisha jibu la wastani na jibu zuri. Jaribu sasa hivi: Liyongo angeanguka chali kitandani mara tu alipochomwa, hadithi ingepoteza nini? Ingepoteza kisima, mama na kiu. Ingebaki habari ya mauaji.

Msichana yule wa dirishani alipata alama za wastani katika ule mtihani wa majaribio. Nilimwita, nikampa karatasi yake na kumwambia aandike upya jibu lile, lakini safari hii aanze na swali lake la ngamia. Alinitazama kana kwamba namtania. "Hiyo nayo ni fasihi, mwalimu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilipaswa kumwambia mapema zaidi. Nakuambia na wewe leo. Swali linalokujia ukisoma, lile unaloona haya kuliuliza kwa kuwa linanuka mifugo na vumbi la nyumbani, mara nyingi ndilo mlango wa jibu lako bora. Usiliache nje ya chumba cha mtihani.